Sindano Mkononi mwa Mtoto

Msomaji, yamkini umepata kusimama katika maabara ya shule yako ukiwa na kichupa chembamba mkononi, ndani yake maji ya bluu yaitwayo dawa ya Benedict, ukayachemsha pamoja na chakula kilichopondwa ili ujue kama kina sukari. Ulingoja. Bluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, manjano ikawa rangi ya matofali. Ukaandika jawabu lako katika daftari, kengele ikalia, ukaenda zako. Katika karne iliyopita, kwa miaka mingi, watoto wa rika lako na wengine wadogo kuliko wewe walifanya jaribio hilo hilo nyumbani kwao kila asubuhi, na tena kabla ya kila mlo, kwa matone manane ya mkojo wao wenyewe. Kwao rangi ya matofali ilikuwa habari ya hatari.

Watoto hao walikuwa wagonjwa wa kisukari. Nakuomba usiuchanganye ugonjwa wao na ule unaowapata watu wazima wengi wa siku hizi, ambao aghalabu huanza kutibiwa kwa vidonge. Hiyo ni aina nyingine. Kisukari cha watoto huja kwa ghafla, hata kwa mtoto mwembamba wa nyumba isiyojua anasa, wala hakiletwi na kupenda peremende. Nyuma ya tumbo ipo nyama iitwayo kongosho, na ndani yake mna vikundi vidogo vya chembe ambavyo mwanafunzi mmoja wa Berlin, Paul Langerhans, alivieleza katika mwaka 1869 bila kujua vinafanya nini. Kazi yake ni kutoa insulini, nayo insulini ndiyo inayoifungulia sukari ya damu mlango wa kuingia katika misuli. Katika ugonjwa huu, askari wa mwili wanaomlinda mtu na maradhi hugeuka wakaziangamiza chembe hizo. Mlango hufungwa. Sukari hujaa katika damu, hufurika katika mkojo, na kuyavuta maji pamoja nayo. Mtoto hunywa asitosheke, hukojoa usiku kucha, hula na huku akikonda. Ana njaa katikati ya chakula. Mwili unapokosa sukari huanza kuyachoma mafuta yake, na moshi wa moto huo, kama tukiruhusiwa kuuita hivyo, ni asidi inayoitia damu sumu. Pumzi hunukia kama matunda yaliyoiva mno, kisha mtoto huzama katika usingizi ambao zamani hakuna aliyeamka kutoka humo.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Aretaeus wa Kapadokia, tabibu wa kale aliyeandika kwa Kiyunani, aliueleza kuwa ni kuyeyuka kwa nyama na viungo vikitoka pamoja na mkojo, na matabibu wa Bara Hindi walijua kwamba mkojo wa wagonjwa hao huwavuta sisimizi. Lakini kuujua si kuuponya. Katika mwaka 1889, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akashikwa na kisukari. Tangu siku hiyo wataalamu waliijua nyumba ya adui, nao wakabisha hodi kwa miaka 30 na zaidi wasifunguliwe.

Je, mtoto aliyeugua katika miaka hiyo alifanyiwa nini? Aliwekwa na njaa. Yafaa tukae hapa kidogo, maana bila ya kuijua njaa hiyo hutaelewa furaha iliyokuja baadaye. Daktari Frederick Allen wa Marekani alikuwa ameona kwamba mgonjwa akifunga kula, sukari hutoweka katika mkojo wake. Basi aliwafungisha wagonjwa siku kadhaa mpaka mkojo ukawa safi, kisha akawarudishia chakula kidogo kidogo, akiupima mkojo kila hatua, na sukari ikionekana tena waliamriwa kufunga upya. Mboga zilichemshwa mara tatu na maji yake kumwagwa, ili hata utamu uliomo usibaki. Allen alieleza habari za mvulana mmoja wa miaka 12, aliyekuwa amekwisha pofuka, ambaye alionekana kuwa na sukari ingawa chakula chake kililindwa kwa ukali. Hatimaye ikajulikana kwamba alikuwa akila dawa ya meno na punje za chakula cha ndege, alizozichukua katika tundu la chiriku wake.

Usiharakishe kumhukumu daktari yule. Hakuwa katili. Alichokuwa akiuza ni muda, na bei yake ilikuwa njaa. Wazazi walinunua kwa sababu hapakuwa na duka lingine. Mtoto aliyefuata amri zake aliweza kuishi mwaka, au miwili, au mitatu, akiwa mifupa na ngozi. Na wachache waliovumilia walikuwa bado hai habari zilipotoka Toronto.

Huko Toronto, katika nchi ya Kanada, daktari kijana aitwaye Frederick Banting na msaidizi wake Charles Best walianza kufanya majaribio juu ya mbwa katika mwezi wa Mei 1921, ndani ya maabara ya Profesa J. J. R. Macleod. Mwishoni mwa mwaka mwanakemia James Collip alijiunga nao ili aisafishe dawa waliyoikamua katika kongosho. Watu hawa wanne waligombana sana juu ya nani apewe sifa, na ugomvi wao haukwisha hata baada ya Banting na Macleod kupewa Tuzo ya Nobel katika mwaka 1923. Sitaki kukuchosha nao. Tumtazame mgonjwa.

Aliitwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, aliyelazwa katika Hospitali Kuu ya Toronto akiwa na uzito wa ratili 65, yaani kilo 29 hivi. Tarehe 11 Januari 1922 alidungwa dawa ile, maji mazito ya rangi ya kahawia. Haikufaa sana. Sukari ilishuka kidogo tu, na mahali alipochomwa pakafanya jipu. Dawa ikasimamishwa, na Collip akafanya kazi kwa bidii kubwa kuisafisha. Tarehe 23 Januari Leonard akadungwa tena, na safari hii sukari ya damu yake ikaanguka kutoka milligramu 520 hadi 120. Kwa kipimo kitumiwacho leo katika zahanati zetu za Kenya, hiyo ni sawa na kutoka karibu 29 hadi chini ya 7. Kijana akapata rangi, akapata nguvu, akataka kuondoka kitandani. Aliishi miaka 13 baada ya hapo, akafa kwa ugonjwa wa mapafu katika mwaka 1935.

Huenda umesikia kisa kinachopendwa sana, kwamba wataalamu wale waliingia katika ukumbi uliojaa watoto waliozimia, wakawadunga mmoja mmoja, na kabla hawajamfikia wa mwisho wa kwanza akafumbua macho. Ni kisa kizuri, na mimi sikisadiki. Mwaka ule dawa ilikuwa haba mno. Katika majira ya kwanza ya mwaka 1922 Collip mwenyewe alipotewa na njia ya kuitengeneza kwa wingi, na kwa muda ilikuwa taabu kupata ya kumtosha hata mgonjwa mmoja. Mambo ya kweli yalikwenda polepole zaidi, mtoto kwa mtoto, na wengi walikufa wakingojea zamu.

Miongoni mwa waliongoja alikuwamo Elizabeth Hughes. Baba yake, Charles Evans Hughes, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Elizabeth aliugua katika mwaka 1919, akiwa na miaka 11, akatiwa chini ya uangalizi wa Daktari Allen. Katika siku mbaya alipewa chakula kidogo kuliko kile kinachomtosha mtoto mchanga. Mama yake alipomwandikia Banting mara ya kwanza, alijibiwa kwamba dawa haipo. Mwezi wa Agosti 1922 nafasi ikapatikana, na msichana akapelekwa Toronto pamoja na muuguzi wake. Alikuwa na uzito wa ratili 45, yaani kilo 20 na ushei, na siku chache baada ya kufika akatimiza miaka 15. Mpime mdogo wako wa darasa la kwanza, kisha ufikiri.

Banting alimpa insulini na kumwambia ale. Alikula mkate, ambao hakuuonja kwa miaka zaidi ya mitatu, na barua alizomwandikia mama yake zimejaa chakula kama vile barua za wasichana wengine zilivyojaa mavazi. Uzito ukaongezeka wiki kwa wiki. Lakini liko jambo jingine ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka, na mimi naliona kuwa kubwa kuliko mkate. Elizabeth alifundishwa kujidunga. Alijifunza kupima mkojo wake, kupima chakula kwa mizani, kukadiria dawa, na kutambua dalili za sukari kushuka mno: jasho, kutetemeka, akili kuvurugika. Alipoondoka Toronto kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekwisha kuwa mgonjwa na daktari katika mwili mmoja.

Haikuwezekana iwe namna nyingine. Insulini haiponyi. Huingia mwilini, hufanya kazi yake kwa saa chache, ikatoweka, na kesho hutakiwa tena. Hakuna hospitali iwezayo kuwaweka watoto wote maisha yao yote, wala daktari awezaye kufika nyumbani kabla ya kila kifungua kinywa. Daktari Elliott Joslin wa Boston alilitambua jambo hili mapema. Katika mwaka 1918, kabla hata insulini haijapatikana, alitoa kitabu kilichokusudiwa kutumiwa na daktari na mgonjwa pamoja. Msaidizi wake, Daktari Priscilla White, aliyeanza kazi kwake katika mwaka 1924, aliwashughulikia watoto hasa, akaandika kitabu juu ya kisukari cha utotoni na ujanani. Nyumbani, jiko likawa nusu zahanati. Bomba la sindano lilikuwa la kioo, nalo lilichemshwa kwa sufuria. Sindano yenyewe ilikuwa nene, ikitumiwa tena na tena, na ilipopoteza makali ilinolewa kwa jiwe.

Banting, Best na Collip waliuuza utaalamu wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mtu, ili asiwepo wa kuufungia watu mlango. Ikumbuke dola hiyo, tutairudia.

Sasa nakuja kwenye mambo yanayokuhusu wewe uliye kijana. Watoto waliookolewa katika miaka ya 1920 walikua, na kukua kwao kulileta maswali ambayo hayakuwahi kuulizwa, kwa kuwa zamani hakuna mtoto wa kisukari aliyefika umri wa kuyauliza. Baada ya miaka 15 au 20, baadhi yao macho yalianza kuingia giza. Wengine figo zikaharibika. Katika mwaka 1936 Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walieleza jinsi figo za wagonjwa wa kisukari zinavyodhurika. Basi madaktari wakagawanyika. Joslin na wenzake walishikilia kwamba sukari ikidhibitiwa kwa ukali, madhara hayo yatazuilika. Wengine, kama Karl Stolte huko Ujerumani na Edward Tolstoi huko New York, waliona kwamba mtoto aachwe ale kama wenzake, apewe insulini ya kutosha kiasi asikonde wala asione kiu, na utoto wake usiharibiwe kwa mizani na vichupa.

Mabishano hayo yaliendelea kwa zaidi ya miaka 40, nami nawahurumia watoto waliokuwa katikati. Mmoja alikemewa kwa kula kipande cha keki. Mwenziwe katika mji mwingine aliambiwa ale bila hofu. Jawabu lilipatikana kwa uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada kuanzia mwaka 1983 hadi 1993 kwa watu 1,441 wenye miaka 13 hadi 39. Wale walioshika sukari yao karibu na kiasi cha mtu mzima wa afya walipunguza hatari ya ugonjwa wa macho kwa asilimia 76, kwa waliokuwa hawajaanza kudhurika. Joslin alikuwa ameshinda, ijapokuwa alikuwa amekwisha kufa tangu 1962. Hata hivyo wale wa upande wa pili hawakuwa wapumbavu. Katika uchunguzi huo huo, waliojibana sana walipatwa na kushuka kwa sukari kwa hatari karibu mara tatu kuliko wenzao, na vijana ndio walioona taabu zaidi kufika pale walipotakiwa wafike.

Kwa nini vijana? Kwa miaka mingi jawabu lilikuwa rahisi: vijana ni wakaidi, wanaiba vitu vitamu, wanaficha vipimo. Wako waliofanya hivyo. Nani asiyejua alivyokuwa akiwa na miaka 15? Lakini katika mwaka 1986 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba katika umri wa kubalehe mwili wenyewe huikaidi insulini. Vichocheo vya ukuaji vinapopanda, dawa iliyotosha mwaka jana haitoshi mwaka huu. Mvulana anayerefuka na kuvunja sauti, msichana anayeanza kuwa mwanamke, huhitaji insulini zaidi hata akila chakula kile kile. Fikiri basi ni vijana wangapi walioitwa waongo kabla ya mwaka huo, ilhali walikuwa wamefanya kila walichoamriwa.

Kuitwa mwongo humfundisha mtu kujificha. Elizabeth Hughes, tuliyemwacha Toronto, alisoma, akaolewa, akazaa watoto watatu, akafa katika mwaka 1981 akiwa na miaka 73. Inakadiriwa kuwa alijidunga yapata mara 42,000. Na katika muda wote huo watu wengi waliomjua hawakupata habari. Alificha ugonjwa wake kama mtu anavyoficha kosa, hata akaharibu karatasi nyingi za ujana wake zilizoutaja. Mwanahistoria Michael Bliss, aliyeandika habari za kupatikana kwa insulini, alimkuta akiwa hai karibu na mwisho wa maisha yake, wakati wengi walikuwa hawajui kama yupo. Siwezi kumlaumu. Katika ujana wake mtu aliyejulikana kuwa mgonjwa aliweza kukosa kazi na kukosa mchumba. Lakini najiuliza ni watoto wangapi waliokuwa wakijidunga chooni kwa siri, ambao wangefarijika kwa kujua kwamba binti wa waziri yule alikuwa akifanya kama wao.

Usidhani mambo hayo yamekwisha. Katika kazi yangu ya kuwatembelea walimu wanafunzi wanapofundisha, nilikuta katika shule moja ya bweni msichana wa kidato cha pili aliyenyang'anywa glukosi yake kwa kuwa sheria ilikataza vyakula katika mabweni. Siku moja katika kipindi cha pili alianza kutokwa na jasho, akajibu maswali kwa maneno yasiyoeleweka, darasa likacheka. Aliyeinuka ni rafiki yake wa kitanda cha juu. Alikwenda mbio jikoni akaleta kikombe cha chai chenye sukari nyingi, akamnywesha angali na fahamu za kuweza kumeza, na baada ya robo saa yule msichana akakaa wima, akauliza tuko ukurasa gani. Mwalimu hakuwa ameambiwa, na msichana hakutaka aambiwe.

Katika nchi yetu wako watoto ambao hawafiki hata hapo. Mtoto mwenye kiu, homa na kutapika hudhaniwa kuwa na malaria, na tone moja la damu katika kipimo cha sukari, ambalo lingeeleza yote kwa nusu dakika, halichukuliwi. Tena ile dola moja ya mwaka 1923 haikuifanya insulini kuwa rahisi milele. Shirika la Afya Duniani limeitia katika orodha ya dawa za lazima tangu orodha hiyo ilipoanzishwa katika mwaka 1977, lakini ziko nyumba ambazo hulazimika kuchagua kati ya chupa ya mtoto mmoja na karo ya mwingine.

Na hata chupa ikipatikana, lazima itunzwe. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba insulini ikae katika ubaridi, na nyumba isiyo na friji haistahili kukabidhiwa. Katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab, kaskazini-mashariki ya Kenya, kanuni hii ilikuwa na maana kwamba mgonjwa aende hospitali kila siku kudungwa, jua likiwaka, na kurudi tena kwa sindano iliyofuata. Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la nyumba za huko, na pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva wakaijaribu insulini katika joto la namna ile, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Baada ya wiki nne ilikuwa na nguvu ile ile sawa na iliyokaa baridini. Matokeo yalichapishwa katika mwaka 2021. Mahali joto linapozidi hapo, mtungi wa udongo uliolowanishwa, unaotoa jasho na kupoza kilichomo kama unavyopoza maji ya kunywa, huweza kuishusha nyuzi kadhaa. Kwa hiyo mgonjwa wa Dagahaley aweza kuchukua chupa yake, akaifunga katika kitambaa, akaenda nayo nyumbani, na asubuhi akajidunga mwenyewe kabla ya kunywa chai.